Hivi kuchoshwa na watu ni sehemu ya kazi ya ambulensi au ni mimi nimeharibika?

zamu_ya_usiku
Wakuu habari za humu. Naweka huu uzi hapa kwasababu nyumbani nikianza kuongea haya mambo naangaliwa vibaya, mke wangu alishasema siku hizi nadharau watu, mimi sioni kama nadharau, naona nimechoka tu. Niko kwenye gari la wagonjwa miaka mingi, hatua ya kutaka kuokoa dunia nilishaipita, ya kulia chooni nimeipita, sasa hivi niko hatua ya kucheka mahali pasipochekesha. Swali langu ni kwa walio kwenye hizi kazi, ambulensi, zimamoto, mapokezi ya dharura, wapokea simu: nyie mnawaonaje watu? Na je inarudi au ndo imetoka?

Ngoja nieleze maana naweza kueleweka vibaya. Kinachonikera si walevi, wala si anayepiga simu saa tisa usiku jino linamuuma (jino linauma kweli jamani, muacheni). Kinachonikera ni kwamba kila kitu kiko kinyume. Anayepiga kelele ni mzima. Unafika kwenye ajali kuna mtu anapiga mayowe mguu wangu mguu wangu, watu wote wamemzunguka yeye, wanakuvuta mkono uende kwa yeye, afu pembeni kuna mwingine kakaa chini kaegemea tairi, midomo imepauka, jasho jembamba usoni, ukimuuliza vipi anakujibu kwa sauti ya chini niko poa mhudumieni yule kwanza. Huyo ndo anayeondoka. Mwenye mayowe ana pumzi ya kupigia mayowe, yaani njia ya hewa iko wazi na damu inafika kichwani, mguu utasubiri. Lakini jaribu kumruka wa mayowe uende kwa wa kimya uone matusi utakayoogeshwa, na siku hizi unatukanwa huku unarekodiwa.

Kwenye simu ni yale yale. Mwenye mafua anasema nakufa njooni upesi. Mzee ambaye kifua kinambana tangu jana anakufungulia mlango mwenyewe, kashavaa viatu, kashika na mfuko wa dawa zake, "samahani wanangu kwa usumbufu, mi sikutaka, ni huyu binti kang'ang'ania". Mimi nikisikia hiyo samahani naanza kubandika waya za mashine ya moyo kabla hajamaliza sentensi. Wagonjwa wa kweli wanaomba radhi, sijui kwanini, ila ndivyo walivyo.

Afu kuna wasaidizi. Ee Mungu. Mtu kapata degedege la kifafa, badala ya kumwondolea vitu vya kumgonga na kumlaza ubavu likiisha, wanamkamata wanne wanne kama mwizi na kumsokomeza kijiko mdomoni. Nishapokezwa kijiko kimepinda, meno mawili yako kwenye sakafu, na mwenye kijiko anasimama pale anasubiri ashukuriwe. Ulimi haumezwi jamani! Degedege nyingi zinaisha zenyewe ndani ya dakika chache, ikipita dakika 5 hapo ndo hatari, ila kijiko hakikuwahi kusaidia popote. Na moto, mtu kaungua mkono, maji ya bomba yapo pale pale, anapakwa dawa ya meno. Kazi yangu ya kwanza inakuwa kumtoa dawa ya meno kwenye kidonda. Maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, basi, bure kabisa, ila naona kitu cha bure hakiaminiki.

Nimeandika mengi. Semeni na nyie.

bomba_mkononi
Mkuu umechelewa kuuliza, mimi nilishaacha kuwapenda watu, nawatoa tu ndani ya moto. Wa kwangu ni wale waliotoka salama afu wanarudi ndani kuchukua simu. Kashatoka! Yuko nje na watoto, afu anakumbuka simu. Watu wanaogopa moto wakati kinachoua wengi ni moshi, unavuta mara chache tu huoni mlango, unalala, na moto wenyewe bado uko chumba cha pili huko. Na kile kidude cha dari cha kupiga kelele za moshi, betri zimetolewa zikawekwa kwenye rimoti. Nimeacha kushangaa. Nawauliza mlango wa chumba mlikuwa mnaufunga mkilala, hapana, ulikuwa wazi. Mlango wa mbao tu ukifungwa unazuia moshi na joto kwa dakika kadhaa, na mimi hizo dakika kadhaa ndo ninazoziomba.

Kuhusu kuharibika: ndio umeharibika. Karibu, kiti kipo.

mpita_njia
Samahani mimi si wa hiyo fani lakini uzi umenikera kidogo. Nyie mmesomea, mmefundishwa, mna magwanda na glavu. Mimi nimetoka zangu kazini naona mtu kaanguka. Nitajua vipi kama kijiko hakifai? Nani aliniambia? Kila siku mnatucheka ila sioni mkija kutufundisha. Na hilo la kurekodi, wengine wanarekodi kwasababu wameganda, hawajui mikono waiweke wapi, simu ndo kitu pekee wanachojua kukitumia. Afu sisi ndo tunaowapigia, bila sisi nyie mngekuwa mmelala.

sikio_la_dispachi
@mpita_njia una hoja, ila ngoja na mimi wa upande wa simu niseme maana sisi hamtuoni, mnatusikia tu.

Kitu ambacho raia hawakijui na kinatugombanisha kila siku: nikikuuliza maswali gari silicheleweshi. Kwenye vituo vingi mwenzangu pembeni anaona ninachoandika kwenye skrini na gari linatoka wakati mimi na wewe bado tunaongea. Maswali ni ya kumwambia aliyeko kwenye gari anakuta nini, na ya kukuambia wewe ufanye nini. Lakini watu wanafoka "acha maswali tuma gari!" afu wanakata. Wamekata na hawajasema wako wapi! Au wanasema "hapa nyumbani". Nyumbani kwa nani ndugu yangu. Au "mnajua, pale mlipokuja siku ile".

Lingine, na hili nalisema taratibu kwasababu linaua. Nauliza anapumua? Najibiwa ndio anapumua, anakoroma. Mtu kaanguka ghafla, haitiki, afu "anakoroma", au anavuta hewa kwa kushtuka mara moja moja, mdomo unafunguka na kufunga kama samaki aliyetolewa majini. Huko si kupumua, moyo umeshasimama, ubongo ndo unatupa amri za mwisho. Inaweza kuendelea dakika kadhaa. Na familia nzima imekaa inamwangalia inasema afadhali anapumua. Ndo maana namwambia aliyeko kwenye simu, kila akivuta hewa niambie "sasa", namsikiliza, nikisikia sasa... kimya... kimya... sasa, najua. Hapo namwambia mlaze chini chali piga magoti tuanze kubonyeza kifua, na nusu ya muda unaishia kwenye kubishana kwamba hajafa.

Na hizo dakika zinazoimbwa na mabosi, eti gari lifike ndani ya dakika 8, chimbuko lake moja kubwa ni utafiti wa wagonjwa waliosimama moyo pande za Seattle, Marekani, miaka ya 1970. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba mtu anatakiwa aanze kubonyezwa kifua ndani ya dakika 4. Kila mtu kakariri 8, ile 4 imesahaulika kwasababu ile 4 haiko kwenye gari, iko kwa aliyesimama pale. Unaweza kufika dakika ya 7, ukapongezwa na kompyuta, na mgonjwa kafa tangu dakika ya 5. Na aliyefika dakika ya 9 akakuta mtoto wa jirani anabonyeza vizuri, mgonjwa akaja kutoka hospitali kwa miguu yake, huyo anaandikiwa barua ya kuchelewa. Mkuu wa uzi, mimi watu hawajanichosha hivyo, makaratasi ndo yamenichosha.

kitabu_wazi
Nimesoma komenti nikajua tu kuna mtu atakuja na ile hadithi ya New York 1964, ya yule dada Kitty Genovese aliyeuawa eti watu 38 wanaangalia madirishani bila kufanya kitu. Niiwahi mapema. Hiyo namba ilitoka kwenye gazeti, na gazeti lenyewe, The New York Times, mwaka 2016 lilikiri kwamba habari ile ilikuwa na kasoro, waliosikia wengi hawakuelewa wanachokisikia na walioona kweli walikuwa wachache. Kuna jirani alishuka akamshika mikononi. Na mwaka 1964 hakukuwa hata na namba ya dharura ya 911, ilianza 1968 kwenye mji mdogo wa Haleyville, Alabama, kabla ya hapo ilibidi ujue namba ya kituo chako cha polisi. Hata Uingereza 999 ilikuja 1937 baada ya moto wa London wa 1935 ambapo mtu alipiga simu zimamoto akawekwa kwenye foleni na opereta.

Na kuna utafiti wa 2019 wa kamera za mitaani, ugomvi 219 kwenye miji ya Uingereza, Uholanzi na Afrika Kusini. Katika ugomvi 9 kati ya 10 kuna angalau mtu mmoja aliyeingilia. Na kadri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa mtu kuingilia ulivyopanda. Kwahiyo watu si wabaya kama mnavyowachora.

zamu_ya_usiku
@kitabu_wazi asante, hiyo ya kamera sikuwa nayo na nimeipenda, ila angalia ni kitu gani kilipigwa picha. Ugomvi. Ugomvi kila mtu anauelewa, kuna anayepiga na anayepigwa, hauhitaji maelezo. Mimi nazungumzia mtu aliyelala. Mtu aliyelala kando ya njia hana maelezo, kwahiyo kila anayepita anamtungia ya kwake, na maelezo rahisi kuliko yote ni "kalewa". Ukishasema kalewa unaruhusiwa kupita.

Kuna mmoja tulimkuta nje ya stendi asubuhi kweupe, watu wanamruka miguu, kuna aliyemwekea kofia usoni asipigwe na jua, sijui ni huruma au dhihaka. Shati limelowa jasho tepetepe na hakukuwa na joto. Anaongea maneno hayaeleweki, tukimgusa anarusha ngumi. Muuzaji wa pale anatuambia huyo mlevi wa kila siku muacheni atalala ataamka. Tumemtoboa kidole, sukari imeshuka mpaka mashine inaandika tu neno badala ya namba. Mwenzangu akamwekea mshipa, akapewa sukari ya dripu, na hapa ndo nasemaga hii kazi ina mambo, dakika chache mtu anafungua macho, anakaa, anaangalia umati, anauliza kwa sauti ya heshima kabisa, "samahani, nani amechana shati langu?" Mwalimu wa hesabu. Ana kisukari, kachoma sindano yake alfajiri afu safari ikamchelewesha kula. Yule muuzaji wala hakuona aibu, akasema basi leo hakulewa.

Siwachukii wale waliopita mkuu. Kinachonimaliza ni hilo la "basi leo hakulewa".

@mpita_njia na wewe sijakucheka. Lakini kuganda na kurekodi ni vitu viwili, aliyeganda mkono hautafuti engo nzuri.

nesi_wa_mapokezi
Nimeingia kuchelewa, nimetoka zamu. (Kuna mgeni jana alitembea wodini akasema "leo kumetulia eeh", tulitaka kumfukuza. Saa moja baadaye tulikosa vitanda.)

Nataka nimjibu mwenye uzi alichouliza mwanzoni, inarudi au ndo imetoka. Mimi sijali kama unawapenda watu au huwapendi, mdomo wako ni wako, mkiwa kwenye gari chekeni mnavyotaka, sisi huku tunacheka mabaya zaidi. Ninachoangalia ni unaponikabidhi mgonjwa. Wakati bado una hasira unaniambia presha hii, mapigo haya, kimeanza saa ngapi, dawa anazotumia hizi. Ukianza kuniambia "ni yule yule" hapo ndo naogopa.

Kuna mama mmoja tulikuwa tunamjua wote, kila wiki kaletwa, leo tumbo, kesho kizunguzungu, vipimo safi, anarudi. Akaja siku moja anasema amechoka tu na anataka kutapika, pumzi inakuwa fupi akitembea. Waliomleta walishamwekea jibu kabla hawajashuka kwenye gari. Kifua hakimuumi kwahiyo nani atafikiria moyo. Lakini wanawake, wazee na wenye kisukari wengi mshtuko wa moyo unawajia hivyo hivyo, uchovu, kichefuchefu, taya, mgongo, bila yale maumivu ya kushika kifua ya kwenye tamthilia. Daktari kijana, mgeni, hamjui mama wa watu, ndo akaagiza kipimo cha moyo. Mgeni ndo aliyeona, sisi wazoefu tulikuwa tunajua tayari.

Halafu na hizo tamthilia zinatuponza upande wa pili. Kuna utafiti wa 1996 kwenye New England Journal of Medicine, walihesabu watu wanaobonyezwa kifua kwenye vipindi vya TV vya Marekani, robo tatu walizinduka pale pale. Kwenye maisha ya kweli huko huko Marekani, anayesimama moyo nje ya hospitali nafasi ya kutoka hai ni kama mmoja kati ya kumi. Ndugu wanakuja wanatushika mashati, mbona hamkumwamsha, wakati kwenye TV anakohoa tu anaomba maji.

bomba_mkononi
Hahaha anakohoa na nywele hazijavurugika. Mimi mbavu ndo zinanichekesha, "mmemvunja baba mbavu!" Baba alikuwa amekufa mama, mbavu ni tatizo dogo.

mpita_njia
Sawa nimewasikia, na nimetulia. Sasa badala ya kubishana niambieni kitu kimoja. Niko peke yangu na mtu kaanguka, haitiki, anakoroma hivyo alivyosema dispachi. Nafanya nini? Lugha ya mtu wa kawaida tafadhali.

zamu_ya_usiku
Hilo swali ndo nililotaka mtu aniulize tangu nianze hii kazi.

Mtikise bega, mwite kwa sauti. Haitiki na hapumui kawaida, piga simu ya dharura, weka spika, simu iweke chini karibu na kichwa chake mikono ibaki huru. Akiwepo mtu mwingine usiseme "kuna mtu apige simu", mnyooshee kidole mmoja, wewe wa shati jekundu piga, wewe nenda barabarani ulisubiri gari, usiku aende na tochi. Ukisema kwa wote hakuna anayekwenda.

Chali, sehemu ngumu, kitandani hapana kwasababu godoro linakula nguvu zako. Kisigino cha mkono katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, uzito wa mwili ushuke. Kina cha sentimita 5 mpaka 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ni haraka kuliko unavyofikiria, na kila ukibonyeza kiache kifua kirudi juu chote. Mambo ya mdomo kwa mdomo kama hujafundishwa achana nayo, bonyeza tu. Kwa mtoto ni tofauti kidogo, dispachi atakuelekeza. Kikiwepo kile kiboksi cha kushtua moyo ukutani kilete ukiwashe, kinaongea chenyewe, hakitamshtua asiyehitaji. Kama moyo umesimama kwa namna ambayo hicho kiboksi kinaweza kuushtua, kila dakika bila kubonyezwa wala kushtuliwa nafasi inashuka kama asilimia 7 mpaka 10, kwahiyo usisubiri uwe na uhakika. Utachoka ndani ya dakika 2, badilishana na mtu.

mpita_njia
Na mbavu zikivunjika?

zamu_ya_usiku
Utasikia na utahisi mkononi, na utataka kuacha. Angalia mikono kama bado iko katikati, afu endelea kwa kina kile kile.

sikio_la_dispachi
Naongezea. Hiyo spika ya simu, mpita_njia, itafute leo ukiwa umekaa. Nimeshaongea na watu wenye simu za bei mbaya wanaokwama hapo hapo, wanabonyeza kila kitu mpaka wanakata, afu inabidi mimi ndo niwapigie.